Mazoezi Makali na Homoni za Msongo: Nani Anamtisha Mwanamke?

MWANACHAMA WA JIMU: Nianze mimi, kwa kuwa ndiye ninayeambiwa niache. Napiga tizi mara nne kwa wiki, nusu saa kila mara, kabla ya kwenda kazini: kamba, vyuma, na mbio za vipindi, dakika moja kasi yote, dakika moja kuvuta pumzi. Siku hizi kila nikifungua simu nakutana na mtu anayesema mazoezi ya namna hiyo yanapandisha kortisoli mwilini mwa mwanamke, na kwamba kortisoli ndiyo inayoleta kitambi, uso kujaa na usingizi kukatika. Eti mwanamke atembee taratibu na kujinyoosha, basi. Shoga yangu mmoja ameshaacha. Naomba mnijibu bila kuzunguka: anayesema hivyo ananisaidia au ananitisha?

KOCHA: Anakutisha, dada yangu, na vitisho hivi si vya leo. Mwaka 1928, kwenye Olimpiki ya Amsterdam, wanawake waliruhusiwa kukimbia mita 800 kwa mara ya kwanza. Magazeti yakaandika kwamba walianguka hoi mmoja baada ya mwingine. Filamu ya mbio zile ipo, na haionyeshi maafa hayo. Hata hivyo mbio zikafutwa, zikarudi Roma mwaka 1960. Miaka 32! Marathoni ya wanawake nayo ikasubiri hadi Los Angeles, mwaka 1984. Kila mara sababu ilikuwa huruma: mwili wa mwanamke hauwezi, uzazi utadhurika. Sasa wamepata neno jipya la kitabibu, basi wanaimba wimbo uleule.

DAKTARI: Historia hiyo sina ugomvi nayo, Kocha. Ila uongo wa mwaka 1928 haufanyi kila onyo la leo kuwa uongo. Tuanze na homoni yenyewe. Ukianza kukimbia kwa nguvu, adrenalini inatoka mara moja, ndiyo maana moyo unadunda. Kortisoli inakuja nyuma yake, kwa dakika: ubongo unaiamuru tezi ya pituitari, pituitari inaziamuru tezi za adrenali zilizo juu ya figo. Kazi yake ni kulifanya ini litoe sukari, kushikilia shinikizo la damu lisishuke, na kutuliza uvimbe mwilini. Asiyeweza kuitengeneza, yaani mwenye ugonjwa wa Addison, anaweza kuuawa na homa ambayo jirani yake ataugulia nyumbani. Na hata usipofanya zoezi lolote, kortisoli hupanda alfajiri, hufika kileleni muda mfupi baada ya kuamka, kisha hushuka hadi usiku wa manane. Kwa hiyo mtu akikuambia tu kwamba “imepanda”, bado hajakuambia kitu.

MWANACHAMA WA JIMU: Lakini mazoezi makali yanaipandisha zaidi ya hapo. Kuna utafiti unaotajwa kila mahali, wenye asilimia zake.

DAKTARI: Naujua. Ulichapishwa mwaka 2008. Watu 12 walifanya mazoezi ya nusu saa kwa viwango vitatu. Walipotumia asilimia 40 ya uwezo wao wa juu wa kuvuta oksijeni, kortisoli yao haikupanda, hata ilishuka kidogo. Kwa asilimia 60 ilipanda kwa karibu asilimia 40, na kwa asilimia 80 ikapanda kwa karibu asilimia 83. Hapo ndipo ilipotoka ile kanuni ya “tembea, usikimbie”. Sasa niulize: kati ya wale 12, wanawake walikuwa wangapi?

MWANACHAMA WA JIMU: Wangapi?

DAKTARI: Hakuna hata mmoja.

KOCHA: Mnaona!

DAKTARI: Usishangilie mapema. Kortisoli ya wanawake nayo hupanda, hilo halina ubishi. Ninachosema ni kwamba kipimo cha mwanaume kimechukuliwa kikageuzwa kuwa onyo kwa mwanamke, wakati kumpima mwanamke ndiko kugumu zaidi. Siku gani ya mzunguko? Anatumia vidonge vya uzazi wa mpango? Vidonge vyenye estrojeni huongeza ile protini inayobeba kortisoli ndani ya damu. Maabara ikipima jumla, namba inaruka juu, na dada wa watu anarudi nyumbani akiamini ameharibika. Kumbe walioongezeka ni abiria waliokaa ndani ya basi. Wanaoshuka kwenda kufanya kazi ni walewale.

MWANACHAMA WA JIMU: Na uso kujaa je?

DAKTARI: Uso wa duara, mafuta kujikusanya chini ya shingo kwa nyuma, michirizi ya zambarau tumboni, ngozi kuwa nyepesi: huo ni ugonjwa wa Cushing. Unaletwa na uvimbe kwenye tezi, au na dawa za jamii ya steroidi zikitumiwa kwa muda mrefu. Kuruka kamba hakuuleti. Na kwa kuwa tumefika hapo niseme jambo ambalo nimechoka kulikwepa. Krimu nyingi za kujichubua, mkorogo ukiwemo, zina klobetasoli, ambayo ni steroidi kali. Inapenya ngozini, inaingia kwenye damu, ubongo unadhani kortisoli imejaa, na tezi zinaacha kufanya kazi. Nawapata wanaoogopa kukimbia kwa sababu ya kortisoli, na usiku wanajipaka mtungi mzima wa kitu kinachofanya kazi ileile kwa nguvu zaidi.

MKIMBIAJI MSTAAFU: Nimewasikiliza. Mnacheka habari za simuni, lakini yangu sikuyasoma kwenye simu. Nilikuwa msichana wa sekondari, nimechukuliwa kambini, tunakimbia asubuhi na jioni. Hedhi ikakoma. Kocha wangu wa wakati ule aliniambia ni dalili kwamba mwili umeiva kwa mashindano, nami nikafurahi, maana nani anapenda kukimbia na pedi? Kisha muundi ukaanza kuuma. Picha ikaonyesha mfupa una ufa. Ulipopona, wa mguu wa pili ukafuata. Nyinyi semeni kortisoli haina neno. Kama si homoni, kilichovunja mifupa ya msichana mdogo kama yule ni nini?

KOCHA: Pole sana, binti yangu. Kocha yule alikosea. Lakini kosa la mtu mmoja lisiwe hukumu ya mazoezi yote. Wanasema mchelea mwana kulia, hulia yeye. Mtazame Faith Kipyegon. Alijifungua mwaka 2018, akarudi, akachukua dhahabu ya Olimpiki ya mita 1,500 Tokyo na tena Paris, na Julai 2025 akaikimbia mbio hiyo kwa dakika 3:48.68, muda ambao hakuna mwanamke aliyewahi kuufikia. Hapa kwetu Tanzania Magdalena Shauri alishika nafasi ya tatu Berlin mwaka 2023 kwa saa 2:18:41. Hao hawakufika huko kwa kujinyoosha.

MKIMBIAJI MSTAAFU: Mwalimu, methali hiyo niliisikia kambini kila jioni. Na kila kocha akibanwa hutaja bingwa. Waliovunjika hawamo kwenye orodha ya matokeo, ndiyo maana huwaoni. Mmarekani Mary Cain alikuwa msichana wa miaka 17 alipokimbia fainali ya dunia Moscow mwaka 2013. Mwaka 2019 alijitokeza hadharani katika The New York Times akasema alishinikizwa kupunguza uzito, akakosa hedhi miaka mitatu, akavunjika mifupa mitano. Kwao wana maabara, wana madaktari, wana kila kitu. Sisi tuna stopwochi na filimbi.

DAKTARI: Nijibu swali lako, dada, maana ndilo lililo zito kuliko yote yaliyosemwa hapa. Mwaka 1985 watafiti wa Marekani waliwachukua wanafunzi wa kike 28 wa chuo, wenye hedhi iliyo sawa na wasio wakimbiaji, wakawakimbiza kwa miezi miwili, umbali ukiongezwa hadi kilomita 16 kwa siku. Wanne tu ndio mzunguko wao ulibaki kama kawaida. Baada ya kuacha, wote walirudi sawa ndani ya miezi sita. Ikawa rahisi kusema: mazoezi ni msongo, msongo unapandisha kortisoli, kortisoli inazima uzazi. Na kweli, wanariadha waliokosa hedhi walipopimwa walionekana kuwa na kortisoli ya juu kidogo. Kesi ikaonekana imefungwa.

MWANACHAMA WA JIMU: Na haikufungwa?

DAKTARI: Kuna mwanasayansi anaitwa Anne Loucks, wa Chuo Kikuu cha Ohio. Aliuliza swali ambalo wengine waliliruka: je, ni zoezi lenyewe, au ni chakula ambacho zoezi limekimaliza? Akawafanyisha wanawake zoezi lilelile, kundi moja likilishwa vya kutosha kufidia, kundi lingine likinyimwa. Akapima homoni ya LH, ile inayoamuru yai lipevuke, ambayo hutoka kwa mapigo. Waliolishwa, mapigo hayakuyumba. Walionyimwa, yalipungua. Hayo yalichapishwa mwaka 1998. Mwaka 2003 akaonyesha mahali yanapoanza kuyumba: chini ya kilokalori 30 kwa kila kilo ya mwili isiyo mafuta, baada ya kutoa zilizotumika mazoezini.

KOCHA: Tufanyie hesabu, Daktari. Mimi ni mtu wa hesabu.

DAKTARI: Chukua msichana wa kilo 50, na tuseme 40 kati ya hizo si mafuta. Arobaini mara 30 ni kilokalori 1,200 zinazotakiwa kubaki kwa ajili ya moyo, ubongo, mifupa na ovari. Kukimbia hugharimu karibu kilokalori moja kwa kila kilo ya uzito kwa kila kilomita. Akikimbia kilomita 15 ameshatumia 750. Asipokula 1,950, yuko chini ya mstari. Na mstari huo ni wa hatari, si wa shibe. Wataalamu wanataka abakiwe na 45 kwa kila kilo, maana yake ale zaidi ya 2,500. Akipungukiwa siku baada ya siku, ubongo unaanza kubana matumizi. Uzazi unazimwa kwanza, kwa sababu mtu anaweza kuishi bila kuzaa. Estrojeni inashuka, na estrojeni ndiyo mlinzi wa mfupa. Muundi wako, dada, ulipasuka kwa njia hiyo. Kortisoli nayo ilipanda, kwa kuwa moja ya kazi zake ni kutafuta sukari pale chakula kinapokosekana. Ilikuwepo, lakini haikuwa mwizi peke yake.

KOCHA: Basi yameisha. Wasichana na wale, tukimbie. Kumbe tulikuwa tunabishana bure.

MKIMBIAJI MSTAAFU: Wale nini, mwalimu? Chai ya rangi asubuhi, baada ya mazoezi, si kabla. Mchana ugali na maharage, jioni ugali na mchicha. Wavulana wanapakua mara mbili na hakuna anayewatazama. Sisi mizani iliwekwa mlangoni mwa bwalo. Ukizidi nusu kilo, jina lako linasomwa mbele ya wenzako. Unadhani nani ataongeza sahani? Jirani zetu Kenya walichunguza wasichana wakimbiaji wa miaka ya sekondari, matokeo yakatoka mwaka 2016: matatizo ya hedhi yalikuwa mengi kwao kuliko kwa wenzao wasiokimbia. Usiseme “wale” kana kwamba wamekataa chakula.

KOCHA: Uzito ni sehemu ya mbio. Sitadanganya. Kila kilo unayobeba unaibeba hadi mstari wa mwisho.

MKIMBIAJI MSTAAFU: Na mfupa uliopasuka unaubeba hadi uzeeni.

MWANACHAMA WA JIMU: Samahani, mimi sikimbilii Olimpiki. Sina mizani bwaloni, ninayo bafuni. Nafunga saa 16, nakwenda jimu tumbo tupu, nakunywa kahawa bila sukari, napanda daladala nimesimama. Ofisini hadi saa kumi na moja jioni. Nyumbani napika, nakagua madaftari ya watoto, nalala saa sita usiku. Hapo tatizo langu nalo ni chakula tu? Kwa sababu mimi nikijisikiliza, naona ni maisha yote.

DAKTARI: Zoezi refu na kali bila wanga mwilini hupandisha kortisoli kuliko zoezi lilelile ukiwa umepata kitu. Hilo limepimwa mara nyingi, na kinywaji chenye sukari peke yake kinaipunguza. Bakuli la uji kabla ya kutoka lingekufaa kuliko ile kahawa. Kuhusu maisha yote, hujakosea. Mwaka 2003, mwaka uleule wa Loucks, daktari Sarah Berga na wenzake walichukua wanawake 16 waliokosa hedhi kwa sababu ya msongo. Nusu walipewa ushauri nasaha wa wiki 20, kuhusu fikra zao, ulaji na namna ya kuishi. Saba kati ya wanane ovari zao zikaamka. Katika nusu nyingine, walioachwa kutazamwa tu, ni wawili.

MWANDISHI: Niingilie kidogo, maana naona msomaji ataniuliza mimi. Loucks anasema ni chakula, si msongo. Berga anatibu kwa mazungumzo na hedhi inarudi. Daktari, unataka tushike lipi?

DAKTARI: Yote mawili, na sisemi hivyo kwa kuogopa kuchagua. Mwaka 2007 Berga na wenzake waliwafanyia jaribio nyani jike. Wengine walihamishiwa banda jipya, wakawekwa karibu na nyani wasiowajua. Huo ni msongo mdogo. Wengine walipunguziwa chakula na kukimbizwa kiasi. Katika makundi hayo walioharibikiwa mzunguko walikuwa wachache. Kundi la tatu likapewa vyote kwa pamoja, na hapo wengi wao wakaharibikiwa. Mizigo miwili midogo ilizaa kitu kisichofanana na jumla yake.

KOCHA: Sasa tumefika pale nilipokuwa napaogopa. Ikiwa banda jipya ni msongo, na daladala ni msongo, na madaftari ya watoto ni msongo, basi hakuna mwanamke Tanzania atakayeruhusiwa kukimbia. Mmemrudisha 1928 kwa mlango wa nyuma, tena safari hii mmevaa koti jeupe. Mbona baba wa watoto hao haambiwi atembee taratibu?

MWANACHAMA WA JIMU: Hapo niko na Kocha. Mume wangu anabeba vyuma mara sita kwa wiki na hakuna aliyemtumia video ya kortisoli.

DAKTARI: Anapaswa kuambiwa naye. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilipanua tatizo hili, ikaliita upungufu wa nishati katika michezo, ikawaingiza wanaume, kwa sababu testosteroni yao nayo hushuka. Wao hawana hedhi ya kuwaonya, basi. Na sijasema mwanamke asikimbie, Kocha. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali kwa wiki, mwanamke kwa mwanaume. Dada, mara zako nne za nusu saa zimo humo. Endelea. Kinachokudhuru ni ile funga ya saa 16 na usingizi mfupi. Ukikata tizi ukaacha hivyo viwili, umekata kitu kisicho na kosa.

KOCHA: Basi tununue vipimo. Kortisoli ipimwe kila wiki kambini, atakayezidi apumzike.

DAKTARI: Utatupa fedha. Waliopima nywele za wanamichezo 304 wa ustahimilivu, wakimbiaji wa masafa marefu wakiwemo, mwaka 2012 walikuta kortisoli iko juu kuliko ya watu wasio wanamichezo, na wengi walikuwa wazima kabisa. Upande wa pili, mwanariadha aliyezidisha mazoezi hadi akachakaa anaweza kupimwa, homoni zake za msongo zikashindwa hata kupanda. Namba ya juu inaweza kuwa ya mzima, ya chini ikawa ya mgonjwa. Wauza virutubisho wameiita hali hiyo “uchovu wa adrenali”. Wataalamu wawili wa Brazil walipitia tafiti zilizochapishwa, mwaka 2016, hawakuupata. Kwa msichana wa kambini kipimo kipo na ni cha bure: hedhi. Ikikosekana miezi mitatu mfululizo, aonwe na daktari. Kwanza apimwe mimba, kisha aulizwe anakula nini. Aliyefika miaka 15 bila kuvunja ungo naye aletwe.

MWANACHAMA WA JIMU: Mimi natumia sindano ya uzazi wa mpango. Hedhi sina mwaka wa pili.

DAKTARI: Basi kwako kioo hicho kimefunikwa, na ni kweli hatulisemi hilo vya kutosha. Tazama usingizi, mapigo ya moyo unapoamka, majeraha yasiyopona, na kama uzito uliokuwa unaunyanyua mwezi uliopita leo unakushinda. Havina uhakika kama hedhi.

MKIMBIAJI MSTAAFU: Mwalimu, daftari lako lina muda wa kila mzunguko wa kila msichana, hadi sehemu za sekunde. Lina safu ya hedhi?

KOCHA: Halina. Mimi ni mzee wa makamo, binti yangu. Nimwite mtoto wa watu wa miaka 16 nimuulize siku zake? Baba yake akisikia atanifuata na panga, na nitamwelewa.

MKIMBIAJI MSTAAFU: Kwetu uzito tuliulizwa mbele ya watu hamsini, na hakuna baba aliyekuja na panga.

KOCHA: Hilo ni tofauti.

MKIMBIAJI MSTAAFU: Si tofauti. Kama huwezi kumwuliza, kambi iajiri mwanamke atakayemwuliza, apewe daftari lake na mamlaka ya kumtoa msichana mazoezini bila kukuomba ruhusa. Na mizani kama ile yetu isikae mlangoni mwa bwalo.